Okidi dirishani: mwanga kwanza, maji baadaye



Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa dada mmoja mkazi wa Omurushaka, wilayani Karagwe. Anaeleza kwamba alikwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya mdogo wake, na siku ya kurudi akanunua ua la okidi likiwa ndani ya kopo, limechanua maua meupe kumi na moja. Alilipakata ndani ya basi njia nzima. Alipofika nyumbani alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye mapenzi mema angelifanya. Alilitoa katika vile vipande vya magome ya mti alivyovidhania kuwa takataka, akalipanda katika udongo mweusi wa kibanja uliochanganywa na samadi, akaliweka juu ya kabati la sebuleni ili wageni walione, na akawa analimwagilia asubuhi na jioni. Mwezi wa pili majani yakalegea na kugeuka manjano. Mwezi wa tatu likafa. Dada huyu anauliza: "Kaka, ina maana hali ya hewa ya huku kwetu haifai kwa okidi?"

Dada yangu, hali ya hewa ya kwenu haina lawama hata kidogo. Na nitaeleza baadaye kwa nini ua lile lingeweza kustawi kwako kuliko huko lilikotoka.

Kwanza ni vizuri tukumbushane kwamba okidi si mgeni katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mtu aliyekulia huko atakuwa ameziona tangu utotoni, isipokuwa hakuambiwa jina. Katika vibanja vya zamani, kwenye mashina ya mibuni mikongwe na katika mapanda ya mitoma, ile miti ambayo magome yake wazee walitengenezea nguo za lubugo, huota majani manene yaliyoshika mti kwa mizizi myeupe kama nyuzi za katani. Wengi hudhani ni magugu yanayonyonya mti. La hasha. Okidi ya mtini hainyonyi chochote kutoka kwenye mti. Inaufanya mti kuwa ngazi ya kupandia ili ifikie mwanga. Chakula chake ni vumbi, majani yaliyooza katika mapanda na maji ya mvua yateremkayo juu ya gome. Wapo wakulima ambao kila wanapopogolea kahawa huzikwangua zote na kuzitupa, wakiamini wanaokoa mbuni wao.

Hata wasafiri wa zamani waliiona Karagwe kama nchi ya mimea. Mwingereza James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke kutafuta chanzo cha mto Nile, aliwasili kwa Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861. Speke aliendelea na safari Januari, lakini Grant alibaki kwa sababu ya kidonda kibaya cha mguu hadi Aprili 1862. Mimea aliyoikusanya katika safari hiyo ilipelekwa Uingereza na kuchunguzwa na wataalamu wa bustani ya Kew. Kwa sadfa tu, mwezi uliofuata baada ya Grant kuondoka Karagwe, huko Uingereza Charles Darwin alitoa kitabu chake kuhusu okidi. Humo alitabiri kwamba okidi moja nyeupe ya Madagaska, yenye mrija wa asali wa karibu sentimeta 30, lazima ina nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Watu walimcheka. Nondo huyo alitambulishwa rasmi na wataalamu mwaka 1903, Darwin akiwa kaburini. Okidi nyingi nyeupe za misitu ya Afrika Mashariki ni ndugu za hiyo ya Madagaska, na ndiyo maana hunukia usiku, wakati nondo wanaporuka.

Halafu kuna vanila. Hapa wakulima wa Kagera watanisamehe, maana nitawaambia jambo ambalo baadhi yao hawajapata kuambiwa: vanila ni okidi. Asili yake ni Mexico, na katika mkoa wa Kagera imekuwa zao la biashara tangu miaka ya 1990. Mkulima anayeamka asubuhi na kijiti chembamba mkononi ili achavushe ua moja moja kabla halijafunga mchana, anatumia ufundi uliobuniwa mwaka 1841 na kijana mtumwa wa umri wa miaka 12 hivi, Edmond Albius, katika kisiwa cha Réunion. Mkulima huyo anajua somo la mwanga kuliko mtu wa mjini. Anajua kwamba vanila iliyoachwa juani hugeuka manjano na kuungua. Anajua pia kwamba iliyofichwa chini ya migomba iliyosongamana hurefuka tu, majani ya kijani kibichi ya kupendeza, lakini haitoi ua. Huitafutia mti wa kuegemea wenye kivuli cha nusu kwa nusu, na kazi yake kubwa ni kupunguza matawi ya mti huo pale giza linapozidi.

Kwa hiyo dada wa Omurushaka alikuwa na walimu wawili jirani, mbuni na vanila.

Sasa tuingie katika mwanga wenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapoangamiza okidi bila kujua. Ile aliyoinunua, kwa maelezo yake ya majani mapana manne na maua meupe yaliyopangana katika kijiti kimoja, ni ile ambayo wataalamu huiita Phalaenopsis. Mimi nitaiita okidi ya nondo, kwa kuwa ua lake lafanana na nondo aliyekunjua mabawa. Ndiyo inayouzwa zaidi duniani na ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza, kwa sababu inavumilia makosa na maua yake hukaa miezi miwili hadi mitatu. Asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako huota juu ya mashina chini ya kivuli cha miti mikubwa. Inahitaji karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga wa jua la mchana kweupe. Sehemu moja ya kumi inaonekana ndogo, na mtu hufikiri sebule yake inatosha. Haitoshi. Hatua tatu au nne kutoka dirishani, mwanga waweza kuwa chini hata ya sehemu moja ya mia moja ya ule wa nje. Sisi hatutambui kwa kuwa mboni ya jicho hujipanua ikatudanganya. Jani halina mboni. Juu ya kabati la sebuleni ua lile lilikuwa linashinda njaa, na mtu mwenye njaa ukimnywesha maji asubuhi na jioni hujamsaidia.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote. Siku ya jua, mnamo mchana, nyoosha kiganja chako kiasi cha futi moja juu ya mahali unapotaka kuweka okidi. Ukiona kivuli cha mkono chenye kingo kali, vidole vinahesabika, hapo jua ni kali mno kwa okidi ya nondo. Ukiona kivuli hafifu ambacho kingo zake zimefifia, hapo ndipo. Usipoona kivuli kabisa, ondoka hapo.

Baada ya wiki kadhaa jani lenyewe litakupa habari. Watu hufurahia jani la kijani kilichoiva sana, karibu na weusi, wakidhani ndiyo afya. Kwa okidi hiyo ni dalili ya giza. Itaishi, lakini maua usiyangoje. Jani linalotakiwa ni la kijani cha wastani, kama jani changa la mgomba. Likianza kuwa na wekundu wa zambarau pembeni, mwanga umefika ukomo wake. Likipata baka jeupe au la kahawia lililokauka, limeungua, na baka hilo halitapona. Usilikate jani lote kwa hasira. Sehemu iliyobaki ya kijani bado inafanya kazi.

Hapa nataka kuwatahadharisha wale wanaosoma vijitabu na vibandiko vya kigeni. Vingi huandikwa Ulaya au Marekani, na husema weka okidi yako katika dirisha la kusini lenye pazia. Kwao jua hupita upande wa kusini mwaka mzima. Karagwe na Kyerwa ziko kati ya nyuzi moja na mbili tu kusini mwa Ikweta. Kwetu jua la mchana hupita karibu na utosi. Mwezi Juni huegemea kaskazini, mwezi Desemba huegemea kusini, na wakati wote huo upenu wa bati hukinga sehemu kubwa ya ukuta. Kwa hiyo ya kuangalia zaidi ni mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki ndilo bora, kwa kuwa jua la asubuhi ni laini na hewa bado ina ubaridi. Dirisha la magharibi lataka pazia jepesi jeupe. Baraza yenye upenu mpana yafaa sana, ilimradi ua lisikae karibu na bati, kwani joto la bati la mchana hukausha kama jiko.

Jambo jingine ambalo watu wa mkoa wa Kagera husahau ni saa. Saa zetu za Tanzania zimepangwa kufuata nyuzi 45 za mashariki, mstari unaopita mbali huko baharini. Karagwe iko karibu na nyuzi 31. Kila nyuzi moja ni dakika nne, hivyo jua la Karagwe huchelewa karibu saa nzima. Mtu wa huko akiambiwa aondoe okidi juani kabla ya saa sita, ajue kwamba kwake jua linafika utosini yapata saa saba. Ukali wake ni kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri. Jua la saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi halina madhara, liache lipige.

Nimechukua muda mrefu kwenye mwanga kwa makusudi. Maji ni mepesi zaidi, ukishaelewa mzizi.

Chukua okidi uitazame mizizi yake. Imevikwa gamba jeupe laini kama sifongo. Gamba hilo hufyonza maji kwa dakika chache mvua inaponyesha, kisha hukauka kwa upepo na kuvuta hewa. Mzizi wa namna hiyo ukiuzika katika udongo wa kibanja, udongo mzuri kwa ndizi, umeuziba pua. Ukiongeza maji kila siku unaoza, na ukishaoza majani yanalegea kwa kiu. Mwenye ua akiona majani yamelegea anaongeza maji. Hivi ndivyo okidi nyingi zinavyokufa, katikati ya maji, kwa kiu. Naamini hata hii ya Omurushaka.

Vile vipande vya magome alivyovitupa ndivyo vilikuwa nyumba yake. Nyumba hiyo yaweza kutengenezwa Kayanga au Nkwenda bila kununua chochote kutoka ng'ambo. Vunja mkaa vipande vya ukubwa wa punje ya mhindi hadi kidole gumba, uoshe vumbi lote. Changanya na magome makavu ya mti yaliyokatwa ukubwa huo huo, na vigae vya chungu kilichovunjika chini. Kopo liwe na matundu mengi, hata ubavuni. Kopo la plastiki linalopitisha mwanga ni bora zaidi, kwani utaiona mizizi. Pumba za kahawa zisitumike. Hushikana na kuwa tope.

Ukishaiona mizizi, huna haja ya kuuliza mtu siku za kumwagilia. Mzizi wenye maji ni wa kijani. Mzizi wenye kiu ni wa rangi ya fedha. Ukiona fedha, peleka kopo kwenye beseni, mwagia maji mengi yapite yote, acha yachuruzike, rudisha mahali pake. Ukiona kijani, endelea na shughuli zako. Katika miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, huenda ikawa mara moja kwa wiki au zaidi ya wiki. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, upepo wa vilimani ukivuma, huenda ikawa kila siku ya nne. Mwagia asubuhi, na maji yaliyotuama katikati ya majani uyafute kwa kitambaa, kwani hapo ndipo kuoza kwa kitovu kunapoanzia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni mazuri kuliko ya kisima chenye chumvi, ila mvua ya kwanza iache ioshe bati kwanza.

Mbolea, kidogo sana. Ile ya dukani ya kuyeyusha, ipunguzwe hadi robo ya kipimo kilichoandikwa, mara mbili kwa mwezi. Samadi, hapana.

Sasa narudi kwenye ahadi yangu kuhusu Dar es Salaam. Okidi ya nondo haianzishi kijiti cha maua kama joto linazidi nyuzi 28 hivi siku baada ya siku. Inataka wiki chache zenye usiku wa baridi kidogo, kati ya nyuzi 16 na 20. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo anaweza kukaa na majani yake miezi mingi ya joto bila ua jipya. Mtu wa Karagwe, aliyeko juu ya vilima, anapata ubaridi huo bila kuutafuta. Tatizo lake ni kinyume chake. Usiku wa Juni na Julai kwenye vilima huko baridi hushuka kuliko ua hili linavyopenda, hivyo jioni lisogezwe ndani mbali na kioo cha dirisha. Na anayeishi juu kabisa ambako baridi ni ya kudumu, ajaribu okidi ziitwazo Cymbidium, zenye majani marefu kama nyasi. Hizo hudai usiku wa baridi ndipo zichanue, na huhitaji mwanga mkubwa zaidi; baraza ya mashariki ndiyo mahali pake.

Kuna waliokwisha niuliza: kwa nini nihangaike kununua, si niende tu porini nikachukue? Swali hili ni zito na nitalijibu bila kuzunguka. Tangu mwaka 2019, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa ni hifadhi za taifa, na kung'oa mmea humo ni kosa. Hata nje ya hifadhi, ganda moja la mbegu za okidi lina mbegu kama vumbi, maelfu kwa maelfu, lakini mbegu hiyo haina chakula ndani yake. Lazima iangukie mahali penye aina fulani ya kuvu itakayoilisha, na nyingi hupotea. Itakayopona huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Mimea ya madukani haipiti njia hiyo. Tangu mwaka 1922, Mmarekani Lewis Knudson alipoonyesha kwamba mbegu zaweza kuoteshwa ndani ya chupa kwa sukari na madini, bila kuvu, okidi huzalishwa maabara kwa maelfu. Inayouzwa dukani imezaliwa chupani. Ile ya porini ni mzee wa miaka mingi, na ukimleta sebuleni, mara nyingi hufa kwa sababu umemnyang'anya mwanga na upepo aliouzoea. Ipo moja yenye maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, Waingereza huiita okidi ya chui, ambayo huota kwenye miti ya maeneo ya wazi yenye joto na hupenda jua kuliko nyingine nyingi. Uzuri wake ndio unaoiponza. Wataalamu wameiorodhesha miongoni mwa mimea iliyo hatarini kupungua.

Njia ya halali ipo, na iko ndani ya kibanja. Mibuni mikongwe inang'olewa kupisha miche mipya, na mitoma hukatwa. Mti ukiangushwa kwa shughuli ya kawaida ya shamba, okidi iliyo juu yake itakauka pamoja na kuni. Hiyo iokoe. Kata kipande cha gome pamoja nayo, usiibandue mizizi. Kifunge kwa kamba ya mgomba kwenye mti mwingine ulio hai, upande uleule iliokuwa ikitazama, urefu uleule, kivuli kilekile. Mwanzoni mwa mvua ndiyo wakati mzuri. Kabla kamba haijaoza, mizizi mipya itakuwa imeshika.

Kwa dada yetu wa Omurushaka ninalo moja la mwisho. Anasema kopo bado liko nyuma ya jiko. Alimwage lote, aoshe mizizi kwa maji safi, abonyeze mmoja mmoja kwa vidole. Mzizi unaobonyea na kutoa maji umekufa, aukate. Kama upo hata mmoja ulio mgumu, na kitovu katikati ya majani hakijawa cheusi, basi ua halijafa, limezimia. Aliweke katika mkaa na magome, dirisha la mashariki, asilimwagilie siku nne za kwanza. Jani jipya laweza kuchukua miezi miwili au mitatu kuonekana. Akiliona, naomba aniandikie.